Kutibu uraibu na ugonjwa wa akili kwa pamoja: mwongozo kwa familia za Bukavu

Familia inapomleta mgonjwa mwenye uraibu na ugonjwa wa akili kwa pamoja katika kituo cha afya cha mtaani, huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, ninakofanya kazi ya uuguzi, swali la kwanza huwa karibu lilelile: tuanze na pombe au tuanze na kichwa? Mama anaeleza kwamba kijana hunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi, baba anamkatiza akisema kwamba pombe si kitu, shida ni sauti anazozisikia usiku, na mgonjwa mwenyewe, ameketi katikati yao, anatazama sakafu. Jibu ninalolitoa huwashangaza wote watatu: hatuanzi na kimoja. Yote mawili yanatibiwa kwa wakati mmoja, ikiwezekana na watu walewale, kwa sababu kila ugonjwa humlisha mwenzake, na ule ulioachwa nyuma ndio huurudisha ule uliokwisha kutibiwa.

Haikuwa hivyo zamani. Kwa miaka mingi, hata katika nchi tajiri, waliotibu magonjwa ya akili walimwambia mnywaji aache pombe kwanza ndipo arudi, na waliotibu ulevi walimwambia atulize akili kwanza. Mgonjwa akawa wa kurudishwa kila mlango. Katika jimbo la New Hampshire, nchini Marekani, daktari Robert Drake na wenzake walianza katika miaka ya 1980 kuziweka huduma hizo mbili chini ya timu moja, na njia hiyo ndiyo inayofundishwa leo. Hapa kwetu timu kama hiyo haipo katika kila kartie. Tuna kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, kilichoanzishwa mwaka 1994 na kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité. Watawa haohao wana Tulizo Letu kule Goma, na kule Lubumbashi kituo chenye jina la daktari Joseph Guislain. Tuna pia vituo vya afya vya mitaani na hospitali za zone. Lakini kati ya kituo, famasi, chumba cha maombi na nyumbani, mtu pekee anayepita kote ni jamaa wa mgonjwa. Ndiyo sababu ninasema kwamba katika mji wetu anayeunganisha matibabu ni familia, na chombo chake cha kazi ni daftari.

Daftari moja

Nunueni daftari la kawaida la shule na mchagueni mtu mmoja wa kulitunza, ambaye si lazima awe mkubwa wa nyumba. Mara nyingi dada au mke anafaa zaidi kuliko baba, kwa kuwa anaona mengi na hagombi. Kwenye ukurasa wa kushoto andikeni kile ambacho mgonjwa amekitumia siku hiyo: kasiksi (pombe ya ndizi), bia, kanyanga, bange, vidonge vya tramadoli (dawa ya maumivu) au Valium (dawa ya kutuliza), na saa alipoanza. Msijisumbue na mililita. Andikeni chombo chenyewe, glasi ngapi, chupa ngapi, karatasi ngapi za vidonge. Kwenye ukurasa wa kulia, mstari uleule wa siku ileile, andikeni hali ya akili: alilala saa ngapi, alikula au hakula, alilia, aliogopa, aliongea peke yake, alishtuka usiku akipiga kelele. Chini kabisa andikeni dawa alizozimeza na jina la aliyezitoa.

Baada ya majuma mawili kurasa hizo mbili huanza kuzungumza. Familia moja ilikuwa na hakika kwamba mzee wao hunywa ndipo anakuwa na hofu, lakini daftari lilionyesha kinyume: usiku wa jinamizi ulitangulia, na kunywa kulifuata asubuhi yake, karibu kila mara. Hilo lilibadili matibabu yote, kwani mtu anayekunywa ili asiote vita hawezi kutulizwa kwa kunyang'anywa chupa peke yake.

Mgonjwa ajue kwamba daftari lipo, na akiweza aandike mwenyewe. Daftari la siri huwa hati ya mashtaka, na siku atakapoligundua hatawaamini tena. Kwa upande mwingine, lisiachwe mezani ambapo mashemeji na majirani watalisoma.

Kujua kilichotangulia

Muganga, yaani daktari, atauliza swali ambalo familia nyingi hulijibu kwa kubahatisha: ni kipi kilianza, kutumia au kuumwa? Tarehe watu hawazikumbuki, lakini matukio ya Bukavu wanayakumbuka vizuri sana, nami huyatumia kama kalenda. Ninauliza: wakati wa vita vya Juni 2004 alikuwa anakunywa tayari? Siku ya tetemeko la Februari 2008 alikuwa amelala usingizi mzuri, au tayari alikuwa halali? Februari 2025, vita vilipoingia tena mjini, alikuwa katika hali gani, na ni nini kilichoongezeka baada ya hapo? Kwa mtu mzima zaidi unaweza kuanzia vita vya 1996. Chora mstari katika ukurasa wa kwanza wa daftari, weka matukio hayo juu yake, kisha chini ya kila tukio andika pombe ilikuwa vipi na akili ilikuwa vipi.

Tafuta hasa vipindi ambavyo alikaa bila kutumia kitu chochote, kwa mfano miezi aliyokuwa kijijini kwa bibi, au alipolazwa kwa sababu ya mguu uliovunjika. Kama katika kipindi hicho huzuni au sauti ziliendelea vilevile, kuna uwezekano mkubwa kwamba ugonjwa wa akili unasimama kwa miguu yake mwenyewe. Kama zilififia na kuisha, huenda vilevi ndivyo vilivyozileta. Sonona, yaani huzuni iliyo ugonjwa, inayotokana na pombe mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya majuma mawili hadi manne tangu mtu aache, na kuchanganyikiwa kulikoletwa na bange kwa kawaida huisha ndani ya mwezi mmoja. Kukiendelea kupita hapo, kuchunguzwe kama ugonjwa wa akili kamili. Hata hivyo, majuma hayo si kisingizio cha kungoja. Mtu anayezungumza juu ya kujiua, au anayesikia sauti zinazomwamuru, au ambaye alikuwa na sonona kabla hajaonja pombe, huanza kutibiwa siku ileile.

Kabla ya kuacha pombe ghafla

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole, kwa sababu ndipo upendo wa familia unapoweza kuua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiachishwa ghafla, mwili wake hupata msukosuko ambao unaweza kuwa wa hatari kuliko pombe yenyewe. Kutetemeka kwa mikono, jasho, kutapika na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa 6 na saa 24 tangu glasi ya mwisho. Kuanguka na kukakamaa mwili kama mwenye kifafa huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi ya wagonjwa huweweseka: hawajui walipo, wanaona wadudu au watu ukutani, wanawaka homa, wanapigana. Asipotibiwa, mtu katika hali hiyo anaweza kufa.

Nimewahi kuona mgonjwa aliyefungiwa chumbani na kaka zake ili aache pombe kwa nguvu, akaanza kuweweseka siku ya tatu, na wao wakampeleka kwenye maombi ya kufunga kula na kunywa kwa kudhani ni pepo. Alifikishwa kwetu akiwa hajala siku mbili na hawezi kusimama. Siwalaumu, dalili zile zinafanana kabisa na mambo tunayosimuliwa tangu utotoni. Lakini saa ya dalili ni ushahidi mzuri: hesabu tangu glasi ya mwisho, na kama hesabu inaangukia kati ya siku ya kwanza na ya nne, mpeleke hospitali kwanza.

Kuacha nyumbani kunawezekana kwa baadhi ya watu, chini ya usimamizi wa kituo cha afya, ikiwa muuguzi anamwona mgonjwa kila siku na kuna mtu mzima wa kukaa naye usiku na mchana. Haifai kabisa kwa aliyewahi kuanguka au kuweweseka alipojaribu kuacha, kwa mama mjamzito, kwa mwenye homa au ugonjwa mwingine mkubwa, kwa mwenye mawazo ya kujiua, na kwa anayeona au kusikia yasiyokuwapo. Hao walazwe. Mpaka siku ya kulazwa ifike, asiachishwe ghafla, hata kama inawauma kumwona akinywa.

Dawa inayotumika kuvuka siku hizo ni diazepamu, ile ambayo mtaani inaitwa Valium, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa siku chache na kukomeshwa. Mshikaji wa vidonge awe mtu mwingine, si mgonjwa, maana diazepamu yenyewe hujenga uraibu, na ikichanganywa na pombe au tramadoli inaweza kuzima pumzi usingizini. Asiendeshe mota, yaani pikipiki, siku hizo. Wengi wa wagonjwa wetu wanaishi kwa mota, na wanabishana sana juu ya jambo hili. Familia ijipange mapema jinsi ya kula juma hilo, kwa likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu) au kwa ndugu, ili asitoroke saa kumi na moja alfajiri kutafuta abiria.

Kuhusu serum, yale maji ya kutundikiwa mshipani, niseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Watu wa kwetu wanaamini serum. Mgonjwa akionekana mdhaifu, familia huomba atundikiwe chupa ya glukosi, na kuna waganga wanaokubali ili kuwaridhisha. Kwa mtu aliyekunywa kwa miaka huku akila kidogo, vitamini B1, yaani thiamini, imekwisha mwilini, na sukari ikiingia bila vitamini hiyo ubongo unaweza kuumia kwa namna isiyopona. Dalili zake ni macho kuchezacheza au kutazama upande, kuyumba akitembea ingawa hajanywa, na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo ombeni kwa heshima: Muganga, tunaomba B1 kabla ya serum. Mwongozo wa OMS, Shirika la Afya Duniani, kwa wahudumu wasio mabingwa wa akili, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2010, unashauri thiamini ya miligramu 100 kila siku kwa siku tano kwa mtu anayeacha pombe. Ni dawa ya bei ndogo.

Bange haina hatari hiyo ya kuanguka. Mtu huacha akiwa na hasira, hana usingizi, hana hamu ya kula, na hali hiyo hupita. Tramadoli ni jambo jingine. Wengi huanza kuimeza ili wabebe mizigo bila kuchoka au ili wasihisi maumivu ya zamani, na hawajui kwamba ni ya ukoo wa morfini. Ikimezwa kwa wingi huleta kuanguka kama kifafa, na ikiachwa ghafla huleta maumivu ya mifupa, kuhara, jasho na wasiwasi mkali. Ipunguzwe hatua kwa hatua na daktari.

Dawa za akili zikutane na ukweli

Mwambieni daktari kila kitu kilicho kwenye ukurasa wa kushoto, hata kama mnaona aibu mbele ya docta kijana. Sababu ni ya vitendo. Fluoksetini, dawa ya sonona, haipatani na tramadoli: zikikutana zinaweza kuleta homa, kutetemeka na kuanguka. Amitriptilini, dawa ya bei nafuu ambayo inapatikana karibu kila famasi, ni ya hatari kwa anayekunywa, na vidonge vingi vikimezwa kwa pamoja huua kwa kuvuruga moyo; kwa hiyo mpewe ya juma moja tu na ifungiwe. Kloropromazini, ambayo hupendwa kwa sababu humlaza mgonjwa mkali, hurahisisha kuanguka kwa anayetoka kwenye pombe, na haiwezi kuchukua nafasi ya diazepamu. Kwa mwenye jinamizi la vita, diazepamu ya kila usiku kwa miezi si tiba. Anahitaji mazungumzo ya kitaalamu juu ya kile kilichompata, na si lazima angoje mpaka awe ameacha pombe kabisa ndipo ayaanze.

Dawa za sonona huchukua majuma manne hadi sita ndipo nguvu yake ionekane, na zikimfaa huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya mgonjwa kupona. Wengi huacha juma la pili kwa kusema hazifanyi kazi, wengine huacha siku wanayokunywa kwa kuogopa mchanganyiko, kisha hawarudi tena. Ulizeni mapema: akinywa siku moja, kidonge cha siku hiyo tukifanyeje? Jibu liandikwe kwenye daftari, dawa kwa dawa.

Namna ya kuzungumza naye

Hakuna aliyeacha kwa sababu ya kuhubiriwa mbele ya wageni. Chagueni asubuhi ambayo macho yake ni meupe, mtu mmoja tu azungumze, na aanze na kile alichokiona, bila kutoa hukumu. Mke anaweza kusema: Papa Amani, tangu Jumatatu sijakuona ukilala, nami ninaogopa, wewe unaonaje? Halafu anyamaze. Kimya hicho ni kigumu kwetu, sisi tunaojaza kila nafasi kwa shauri, lakini ndani yake mgonjwa hutoa sababu zake mwenyewe za kutaka kubadilika, na sababu zake zina nguvu kuliko zetu. Asipokuwa tayari kuacha, mwombeni kitu kidogo anachoweza kukubali: ale kabla ya kunywa, asichanganye pombe na vidonge, aende kituoni mara moja tu kupimwa. Timu za New Hampshire ziliweka uhusiano mbele ya kila kitu; kumwachisha kulikuja baadaye. Kwa baadhi ya watu hatua ya kwanza ilichukua miezi.

Neno mlevi, na neno kichaa, yasitumike nyumbani hata kwa utani.

Ulizeni pia juu ya kujiua, na mwulizeni waziwazi: je, kuna siku unafikiria kufa, au kujimaliza? Swali hilo halimtilii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa wengi huwa kama kufunguliwa dirisha. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake, dawa ya panya na dawa za kuulia wadudu wa mimea ziondolewe nyumbani pamoja na vidonge vyote, na safari ya hospitali isingoje Jumatatu.

Nyumba inayopika pombe

Kuna jambo ambalo miongozo ya kigeni hailigusi. Katika nyumba nyingi za Kadutu, Bagira na kando ya mji, ada za shule za watoto hutoka katika kasiksi inayouzwa uani. Kumwambia mama afunge biashara ni kumwambia watoto wasisome, na tangu mabenki yalipofunga milango mwaka 2025 fedha taslimu za kila siku zimekuwa na thamani zaidi. Sina jibu linalowafaa wote. Lililowasaidia wengine ni kuhamisha mauzo kwa shangazi au jirani kwa miezi mitatu ya kwanza, huku faida ikigawanywa, au kumhamisha mgonjwa kwa ndugu asiyeuza. Yakishindikana yote mawili, angalau yeye asiwe anayeonja wala anayewahudumia wateja, na mitungi isilale katika chumba anacholala.

Kuhusu chumba cha maombi, msipigane na mchungaji. Nendeni kwake mkiwa na daftari, mwambieni mgonjwa anatibiwa, na mwombeni mambo matatu: asimwambie aache vidonge, asimfungishe kula katika majuma ya kwanza, na asikubali afungwe kamba. Wachungaji wengi niliowafuata hivyo walikubali, na mmoja sasa hutuletea wagonjwa kabla ya kuwaombea.

Kwa wanawake angalieni zaidi, kwa sababu wao hunywa kwa kujificha na huletwa wakiwa wamechelewa. Aliyepatwa na ukatili wa kingono katika vita apelekwe mahali ambapo jeraha hilo linajulikana, kama hospitali ya Panzi, na aseme huko pia habari za pombe.

Akirudia

Kurudia kunatokea kwa wengi, na siku hiyo iandikwe kwa kalamu ileile, kwenye mstari wake. Angalieni kwanza ukurasa wa kulia wa siku tano zilizotangulia: usingizi ulianza kupungua lini, aliacha kidonge lini, alikataa lini kutoka nje? Dalili iliyojitokeza hapo ndiyo mtakayoiwahi mara ijayo, kwa kwenda kituoni siku inapoonekana.

Kisha hesabuni. Akiwa amekunywa siku moja au mbili tu, asimame hapo na aendelee na dawa zake kama daktari alivyoagiza. Akiwa amekunywa kila siku kwa juma au zaidi, msimfungie mlango. Rudini kituoni kupanga upya namna ya kuacha, kwa kuwa hatari ya kuanguka imerudi, na kwa aliyewahi kuanguka ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Na kwa wa tramadoli, mwambieni mapema, akiwa mzima, kwamba baada ya majuma kadhaa bila kuitumia mwili umesahau kuibeba, na idadi ya vidonge aliyoizoea zamani inaweza kumuua usiku mmoja. Mkimkuta amelala hajibu, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida au pumzi zinakuja mojamoja, mlazeni ubavu, mtafuteni mwenye gari, na mkiondoka nyumbani mbebe karatasi za vidonge na daftari.